Anapimwa kwa Nini Mtu Asiyegusa Mpira?

Honi ilipolia pale Grand Park, Westfield, watu waliotuzunguka waliinuka kwenye viti. Wengine walikwenda kutafuta maji, wengine wakasogea kwenye uzio ambako watoto husubiri sahihi za wachezaji. Kwotabeki, mrusha pasi wa timu, alikuwa ameshavua helmeti na kukaa kivulini. Kwa wengi waliokuja kuwaona Colts, timu ya futiboli ya Marekani ya Indianapolis, siku hiyo mazoezi yalikuwa yamesimama kidogo.

Waliobaki uwanjani ni wale ambao majina yao huyajui mpaka uangalie karatasi. Ulikuwa muda wa vikosi maalumu, vile vinavyoingia uwanjani mpira unapopigwa teke.

Mjomba wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kisumu. Yeye hakuinuka. Ameitazama raga maisha yake yote, na jicho lake lilimwangukia kijana mmoja aliyesimama pembeni kabisa ya mstari, akisubiri punti, lile teke la kuwaachia wapinzani mpira. Mpira ukarushwa nyuma, kijana akachomoka. Wawili walimkabili, mmoja akamshika bega, akajinasua, akakata kuelekea ndani, akafika aliko mpokeaji na kusimama mbele yake bila kumwangusha. Kocha akampigia kelele. Akarudi mbio hadi alipoanzia, akarudia yote upya.

"Huyu ameshapata kazi, ama bado anatafuta?" mjomba akauliza.

"Bado anatafuta, mjomba."

"Na anapimwa kwa nini? Tangu tufike hapa hajagusa mpira."

Nikamwambia anapimwa kwa mbio. Akatazama uwanja mzima, taratibu, kisha akasema, "Hapa kila mtu ana mbio."

Hakulirudia tena swali lake. Mimi ndiye nililibeba Agosti yote.

Hesabu ya siku ya mechi

Kambi huanza na wachezaji 90, na mwisho wa Agosti hubaki 53. Hilo kila anayefuatilia NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, analijua. Namba iliyonisaidia kuelewa ni nyingine: 48. Hao ndio wanaoruhusiwa kuvaa jezi siku ya mechi, mradi wanane kati yao wawe wa mstari wa mbele wa ushambuliaji.

Chukua kalamu. Kwenye 48, toa wapiga mateke wawili na yule anayewarushia mpira kupitia katikati ya miguu. Toa makwotabeki wawili. Toa wale wanane wa mstari wa mbele, watu wa karibu kilo 140 ambao hakuna kocha atakayewatuma kumfukuza mtu uwanja mzima. Toa saba wa mstari wa ulinzi kwa sababu hiyohiyo. Unabaki na watu 28 wanaoweza kukimbia. Kati yao, 12 hivi ni wa kikosi cha kwanza, na kocha mkuu hataki kuwaona wakigongwa kwenye teke la kuanzia.

Wanabaki 16.

Hao 16 ndio wanaopaswa kufukuza teke la kuanzia, kulirudisha, kufukuza punti, kuirudisha, na kuziba pengo mchezaji wa kwanza akiumia. Teke la kuanzia peke yake linadai wakimbiaji kumi. Ndiyo maana makocha wanatafuta mtu anayeweza kuingia kwenye vikosi vitatu au vinne kwa mechi moja. Anayeweza kimoja tu ni anasa.

Baada ya kuiandika hesabu hii niliisoma tofauti orodha ya kila timu. Magazeti hupanga ushindani kwa nafasi: wapokeaji na wapokeaji, malainibeka (walinzi wa safu ya pili) na malainibeka. Mashabiki nao hubishana hivyo. Lakini mpokeaji wa tano hashindani sana na mpokeaji wa nne. Anashindana na lainibeka wa sita. Anashindana na mlinzi wa nyuma wa nne, na mbeba mpira wa tatu, na yule mchezaji mrefu wa pembeni ya mstari ambaye hatapokea pasi hata moja mwaka mzima. Kiti ni kimoja, na kila mmoja anakuja na mwili wake, kilo zake na mazoea yake. Anayekipata ni yule ambaye kocha wa vikosi maalumu atamtetea kwenye chumba cha mkutano.

Huyo kocha hana sauti ya mwisho. Anaingia mkutanoni akiwaomba wenzake wa ushambuliaji na ulinzi wampe watu wake, na kila jina analoliomba ni jina ambalo mwenzake atalipoteza. Kazi yenyewe ni changa kuliko watu wanavyodhani. Dick Vermeil wa Rams na Marv Levy wa Eagles walipopewa kazi ya kusimamia vikosi hivi pekee mwaka 1969, timu nyingi bado ziliiona kama shughuli ya dakika za mwisho za mazoezi.

Kazi ambayo hakuna aliyeiota

Kila kijana anayefika kambini alikuwa bora shuleni kwake. Wengi walikuwa bora katika mji wao, na chuoni walipewa mpira kila ulipohitajika mtu wa kuuokoa mchezo. Halafu anafika NFL na kuambiwa, kwa maneno ya upole au bila upole wowote, kwamba mikono yake si shida ya timu hii. Wanataka miguu na bega lake.

Wapo walioikubali kazi hiyo wakaigeuza kuwa ufundi. Matthew Slater aliingia New England mwaka 2008, raundi ya tano ya uteuzi wa wachezaji wa vyuo, akiandikwa kama mpokeaji. Alicheza misimu 16. Alidaka pasi moja tu, ya yadi 46, mwaka 2011 dhidi ya Miami. Akachaguliwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, mara 10 na kushinda Super Bowl, fainali ya ligi, mara 3. Baba yake, Jackie Slater, yumo kwenye Jumba la Mashujaa kwa kazi ya mstari wa mbele, kwa hiyo kijana alikuwa ameshaona nyumbani kwao maisha ya mtu asiyegusa mpira.

Kabla yake alikuwepo Steve Tasker. Houston walimchukua mwaka 1985, na mwaka uliofuata jina lake likawa kwenye orodha ya walioachwa. Buffalo wakamdai, yaani wakamchukua kutoka kwenye orodha hiyo. Kocha aliyekuwa ndiyo kwanza anakabidhiwa Buffalo mwezi huohuo alikuwa Marv Levy, yuleyule wa 1969. Sidhani ni bahati tu. Timu nyingi ziliona mtu mfupi ambaye Houston hawamtaki. Levy alikuwa amewatazama watu wa aina hiyo kwa miaka mingi na alijua anachokitafuta. Tasker alikwenda Pro Bowl mara 7, na mwaka 1993 akatoka mchezaji bora wa mechi yenyewe.

Nilipozisoma habari hizi mwanzoni zilinifariji. Kisha zikaanza kunisumbua.

Slater ni mmoja. Tasker ni mmoja. Kila mwaka wachezaji zaidi ya elfu moja huachwa siku moja, na wengi wao wamekimbia kama walivyokimbia hawa wawili. Tukiwataja Slater na Tasker kila tunapoulizwa, tunajibu swali la nani alifaulu. Mjomba aliuliza mtu anapimwa kwa nini.

Sheria iliyochukua kazi, sheria iliyoirudisha

Mwaka 2011 NFL ilisogeza mahali pa kupigia teke la kuanzia kutoka yadi ya 30 hadi ya 35. Yadi tano tu. Msimu huo mateke yaliyoishia nyuma bila kurudishwa yaliruka kutoka takriban 16% hadi zaidi ya 40%. Sababu ilikuwa ya maana: watu walikuwa wakigongana kwa kasi kamili baada ya kukimbia nusu uwanja, na vichwa vilikuwa vinaumia. Miaka iliyofuata sheria ziliendelea kubana. Mwaka 2018 wakimbiaji walizuiwa kuanza kwa mbio. Mwaka 2023 mpokeaji aliruhusiwa kuinua mkono, akaudaka mpira, na timu yake ikaanzia yadi ya 25.

Februari 2024, kwenye Super Bowl ya Las Vegas, yalipigwa mateke 13 ya kuanzia. Hakuna hata moja lililorudishwa.

Nilikuwa naitazama mechi ile na sikuligundua hilo, wala hapakuwa na mtu aliyelisema sebuleni kwetu. Teke la kuanzia lilikuwa limegeuka kuwa muda wa kuongeza soda. Lakini fikiria maana yake kwa kijana wa kambini. Kama teke halirudishwi, kocha hahitaji wakimbiaji kumi hodari wa kulifukuza. Anaweza kumbakiza mpokeaji mwenye mikono mizuri asiyejua kuangusha mtu, kwa sababu hatalazimika kumwangusha yeyote. Hakuna aliyemfukuza kazi yule lainibeka wa sita. Kazi yenyewe ilipungua polepole, kura baada ya kura ya wamiliki wa timu.

Kisha msimu wa 2024 teke likabadilishwa kabisa. Mpigaji hubaki peke yake kule nyuma, na wenzake kumi husimama kwenye yadi ya 40 ya wapinzani. Wanaorudisha hujipanga yadi tano tu mbele yao. Ukiacha mpigaji na wanaousubiri mpira nyuma, hakuna anayeruhusiwa kusogea mpaka mpira uguse chini au mtu katika eneo la kupokelea, karibu na goli la wanaorudisha. Msimu wa 2023 karibu teke moja kati ya matano lilirudishwa. 2024 likawa moja kati ya matatu. Mwaka 2025, baada ya adhabu ya kuupiga mpira mbali kupita eneo hilo kuongezwa, wapinzani wakawa wanaanzia yadi ya 35, yalirudishwa karibu robo tatu.

Kazi imerudi. Ila haikuwarudia watu walewale.

Zamani ulihitaji mtu wa kukimbia yadi hamsini na kufika bado ana pumzi. Sasa anayesimama mbele yako yuko hatua chache tu, na mbio ndefu hazipo. Unahitaji mtu wa kumsukuma mwenzake, kujinasua, kutazama mwenye mpira anakata wapi, na kumwangusha palepale. Mlinzi mwembamba mwenye kasi ya ajabu ameshuka bei. Lainibeka, mlinzi wa nyuma mwenye mabega, na mshambuliaji mnene wa pembeni wamepanda. Kule Kansas City, kocha Dave Toub alifikia kumfikiria Justin Reid, mlinzi wa nyuma, awe ndiye mpigaji wa teke la kuanzia, kwa sababu Reid anajua kuangusha watu na mpigaji wa kawaida hajui.

Kwa hiyo kijana aliyetemwa 2022 na kijana anayefanana naye kila kitu aliyebaki 2025 wanaweza kuwa na kipaji kilekile. Kilichobadilika ni kanuni iliyopitishwa hotelini mwezi Machi, nao hawakuwemo.

Mechi tatu ambazo hazionyeshi kila kitu

Nilidhani jibu lingepatikana kwenye mechi za maandalizi. Zilikuwa nne, na tangu 2021 timu nyingi zina tatu. Nikawa nakaa mpaka robo ya nne, wakati uwanja umebaki nusu, nikiwatazama wakimbiaji wa pembeni.

Nilichokuja kukielewa kilinikosesha raha. Mechi ya kwanza kuchezwa kwa teke jipya ilikuwa ile ya Canton, Agosti 1, 2024, Bears na Texans, na hata hiyo ilikatizwa na radi kabla ya kumalizika. Wiki zilizofuata makocha kadhaa walisema wazi kwamba hawataonyesha mipango yao ya kweli ya teke la kuanzia kabla ya msimu. Walikuwa na sheria mpya mikononi, kila mmoja alikuwa amebuni kitu, na hakuna aliyetaka wapinzani wakione bure.

Ni uamuzi wa akili. Lakini umfikirie anayetafuta kazi. Anaingia uwanjani kufanya jambo ambalo timu yake haikusudii kulifanya Septemba, kwa namna ambayo si ile aliyofundishwa chumbani, na huo ndio ushahidi ambao sisi wengine tunaambiwa ni mtihani wake.

Basi mtihani uko wapi?

Nilimuuliza mtu niliyewahi kusali naye, ambaye alifundisha vikosi maalumu chuoni kwa miaka mingi. Alisema anayoyatafuta yeye hayaonekani mechini. Anamtazama mchezaji kwenye mazoezi, wakati yuko kwenye kikosi cha pili cha punti, kisha wa kikosi cha kwanza anashikwa na msuli na yeye anaitwa upande wa pili wa mstari, mahali ambapo hajawahi kusimama. Je, anajua kazi ya pale? Je, alikuwa akisikiliza wakati mwenzake anaelekezwa? "Mbio nazipima kwa saa mara moja, basi," aliniambia. "Kinachobaki Agosti yote ni kumjua nani ninayeweza kumhamisha bila kusimamisha mazoezi."

Hapo nililiona swali la mjomba kwa upande mwingine. Yule kijana wa Westfield aliporudishwa kurudia, nilidhani anaadhibiwa kwa kosa la miguu. Huenda kocha alitaka kujua kama maelekezo ya nusu dakika yataonekana kwenye mkimbio unaofuata. Kwa waliokaa jukwaani, mikimbio yote miwili ilifanana.

Na shaka yangu haijaisha. Kama mtihani unafanyika kwenye mikutano na mazoezi ambayo filamu zake haziendi kwa timu nyingine, kijana akiachwa anabeba nini? Timu 31 zilizobaki zinamwona kwenye mechi tatu tu, akifanya kazi iliyofichwa nusu.

Adongo

Mjomba ndiye aliyelitaja jina hilo, tukiwa garini kurudi nyumbani. Kwa watu wa raga wa Kenya, ukisema Indianapolis unasema Daniel Adongo.

Mnaijua habari yake. Mzaliwa wa Nairobi, raga ya Afrika Kusini na New Zealand, kisha Julai 2013 Colts wanamsajili mtu ambaye hajawahi kucheza futiboli ya Marekani hata mechi moja. Wakamwandika lainibeka, wakamweka kwenye kikosi cha mazoezi, cha wanaofanya mazoezi na timu bila kuwemo kwenye wale 53, na Desemba mwaka huo akaingia uwanjani Cincinnati kwenye vikosi maalumu, Mkenya wa kwanza kucheza mechi ya msimu wa NFL. Majeraha yalimwandama. Mwaka 2015 Colts wakaachana naye.

Nyumbani mazungumzo yake huwa mawili tu: fahari, au masikitiko. Mimi nataka kuongeza la tatu. Adongo alikuja wakati mbaya kwa mwili wake. Mwaka 2013 karibu nusu ya mateke ya kuanzia hayakurudishwa, na yaliyorudishwa yalidai mbio ndefu za kunyooka. Alichokuwa nacho kutoka raga, kusoma mkimbiaji akiwa karibu na kumwangusha katika nafasi ndogo bila kutanguliza kichwa, ndicho hasa teke la leo linachokitaka.

Mjomba alikubali mara moja. Mimi nilipofika nyumbani nilianza kujipinga mwenyewe, kwa sababu ya Louis Rees-Zammit. Winga wa Wales aliacha raga Januari 2024, akasajiliwa na Kansas City mwaka uleule wa teke jipya, na kila mtu akasema sheria imetungwa kwa ajili yake. Agosti akaachwa. Akaenda kikosi cha mazoezi cha Jacksonville, na 2025 akarudi raga.

Hivyo teke jipya halitoshi. Orodha ya 53 bado inamuuliza kila mtu swali la pili: mchezaji wa kwanza wa nafasi yako akiumia robo ya kwanza, utaingia? Slater aliruhusiwa kulijibu swali hilo kwa kunyamaza kwa miaka 16, kwa sababu hakuna aliyemfikia kwenye punti. Mgeni wa mchezo hapewi ruhusa hiyo. Adongo alitakiwa ajifunze kazi mbili kwa mpigo, ile ya kubaki na ile ya kuitwa, na miguu yenye majeraha haifiki mazoezini ambako zote mbili hufundishwa. NFL ilifanya kambi ya kusaka vipaji Nairobi mwaka 2023. Natamani vijana waliofika pale waambiwe hili kabla hawajapimwa urefu.

Saa kumi jioni

Agosti 26, 2025, saa kumi jioni ya saa za mashariki, kila timu ilitakiwa iwe imefika 53. Jina la kijana wa Westfield lilikuwa kwenye orodha ya walioachwa. Timu nyingine zilikuwa na mpaka mchana wa siku iliyofuata kumdai. Hakuna iliyomdai.

Mshahara wa chini wa mchezaji wa mwaka wa kwanza msimu huo ulikuwa dola 840,000, yaani zaidi ya dola 46,000 kwa wiki. Kikosi cha mazoezi kililipa 13,000 kwa wiki. Ni pesa nyingi kwa yeyote kati yetu, sipuuzi hilo. Lakini haki ya pensheni hupatikana baada ya misimu mitatu inayohesabiwa, na msimu huhesabiwa kwa kuwa kwenye kikosi mechi tatu au zaidi. Kuna wanaume wanaoipata haki hiyo kwa sababu tu kocha alihitaji mtu wa nne kutoka pembeni kwenye teke la kuanzia.

Wapo wanaotaka teke la kuanzia lifutwe kabisa, na hoja yao ya vichwa vya watu ni nzito. Kama teke hili jipya nalo litaonekana kuwaumiza, nitakuwa upande wao. Naomba tu siku ya kulipigia kura wamiliki wahesabu na hili: likifutwa, timu 32 hazitahitaji tena wakimbiaji kumi, na kiti cha lainibeka wa sita kitakwenda kwa kwotabeki wa tatu ambaye hataingia uwanjani mwaka mzima.